Sikio Moja Limezima: Waya wa Iafoni na Waranti Isiyofika Kaunta

Dalili huwa ile ile. Wimbo unakwenda vizuri, mara sikio la kushoto linakatika, linarudi, linakatika tena. Mwenye simu anashika pini, anaizungusha polepole mpaka sauti irudi, kisha anaitumbukiza simu mfukoni kwa mkao huo huo na kuomba daladala isiruke tuta. Siku chache baadaye pini inazungushwa kila upande na sikio halirudi. Ukikifungua kile kidude cha sikioni utakuta kispika chake ni kizima, sumaku ipo, utando haujatoboka. Kilichokufa ni waya.

Vipokea sauti vya masikioni, au iafoni kama zinavyoitwa madukani, hupangwa kwa mamia kwenye meza za Kariakoo jijini Dar es Salaam na kwenye vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Zipo za shilingi elfu chache za Tanzania na zipo za laki kadhaa. Bei zinapishana sana, ila ugonjwa ni mmoja. Na mnunuzi anayerudi dukani kudai waranti hukutana na jibu moja pia: umeuvuta mwenyewe.

Jibu hilo linastahili kuhojiwa. Waya wa iafoni haufi kwa bahati mbaya. Unakufa mahali panapojulikana, kwa sababu inayojulikana, na dawa yake imekuwa sokoni kwa zaidi ya nusu karne.

Shaba na mikunjo

Ndani ya ganda la plastiki la iafoni ya simu mna njia nne: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, maikrofoni, na njia ya pamoja ya kurudisha umeme, ambayo mafundi huiita graundi. Kila njia ni mkusanyiko wa nyuzi za shaba nyembamba mno, zilizopakwa vanishi ya rangi ili njia moja isigusane na nyingine. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na zile zenye rangi ya shaba yenyewe ni graundi. Katikati yake hupitishwa nyuzi za nailoni au za aramidi, jamii ya nyuzi zinazotumika kutengenezea fulana za kuzuia risasi. Hizo ndizo zinazopaswa kubeba mvuto ili shaba isiubebe. Kwenye iafoni za bei ya chini huwa chache, au hazipo kabisa.

Shaba hupitisha umeme vizuri lakini haistahimili kukunjwa mara kwa mara. Kila mkunjo huifanya iwe ngumu zaidi pale ilipokunjwa, na ugumu huo ndio unaozaa ufa. Ndivyo waya wa kufungia nondo unavyokatika mkononi mwa fundi ujenzi anayeukunja na kuukunjua mahali pamoja bila koleo. Ndani ya iafoni nyuzi hazikatiki zote siku moja. Unakatika mmoja, kisha mwingine, mpaka zinabaki ncha zinazogusana pale tu pini inapozungushwa. Hapo ndipo sauti inapoanza kuja na kwenda.

Mahali pa kukatikia hapabadiliki sana. Ni pale waya unapoingia kwenye pini, pale unapogawanyika kwenda masikio mawili, au pale unapoingia kwenye kispika. Katika sehemu hizo tatu kitu laini hukutana na kitu kigumu, na mkunjo wote hujikusanya hapo. Ndiyo maana watengenezaji huweka kishingo cha raba. Kishingo kizuri ni kirefu na laini, huusambaza mkunjo kwenye sentimita kadhaa za waya. Kishingo kifupi na kigumu hakisaidii kitu, kwa sababu huuhamisha mkunjo kutoka kwenye pini na kuupeleka kwenye ukingo wake.

Ipo hitilafu moja inayowashangaza wengi. Muziki unasikika masikio yote mawili, ila mwimbaji ametoweka. Vimebaki vyombo na mwangwi. Mtu hudhani simu imeharibika au programu ya muziki imebadilisha mipangilio. Kumbe graundi imekatika. Njia ya pamoja ikikatika, umeme wa kispika kimoja hulazimika kurudi kupitia kispika cha pili, na masikio yote mawili hupokea tofauti tu iliyopo kati ya pande mbili za rekodi. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia, hivyo tofauti yake ni sifuri. Fundi mzoefu akisikia malalamiko hayo tayari anajua aanzie wapi.

Jasho nalo lina sehemu yake. Chumvi na mafuta ya ngozi hupenya taratibu kwenye plastiki, hasa pale waya unapogusa shingo au kupita nyuma ya sikio. Plastiki hupoteza kilainishi chake, hukakamaa na kupasuka, na shaba hugeuka kijani, jambo linaloonekana wazi kwenye nyaya zenye ganda angavu. Kwa mtu anayekimbia asubuhi katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kazi hiyo hufanyika haraka.

Na mafundo je? Mwaka 2007 wanafizikia Dorian Raymer na Douglas Smith wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya jaribio la kuweka kamba ndani ya kisanduku kinachozungushwa. Walirudia mara 3,415. Mara kwa mara kamba ilijifunga fundo yenyewe ndani ya sekunde chache, lakini ikiwa fupi kuliko sentimita 46 hivi haikujifunga. Waya wa kawaida wa iafoni una urefu wa zaidi ya mita moja. Kwa hiyo anayeutoa mfukoni ukiwa umejisokota hajafanya uzembe wowote. Madhara huanza pale anapoufungua kwa kuvuta ncha mbili, kwa maana mvuto wote unakwenda kwenye zile sehemu tatu.

Dawa ya mwaka 1968

Pini ya iafoni ni kizazi cha pini ya milimita 6.35 iliyotumiwa na waendesha mitambo ya simu tangu karne ya 19. Ile ndogo ya milimita 3.5 ilienea duniani hasa baada ya Sony kutoa Walkman mwaka 1979. Katika miaka yote hiyo wahandisi walijifunza kwamba waya ndio unaotangulia kufa, na wakatafuta njia.

Mwaka 1968 kampuni ya Kijerumani ya Sennheiser ilitoa hedifoni za HD 414, ambazo waya wake ulichomekwa kwenye kila upande kwa plagi ndogo. Ukifa, unachomolewa na kununuliwa mwingine. Mwaka 1988 kampuni hiyo hiyo ilitoa HD 25, ambazo hadi leo zinaonekana masikioni mwa madijei na watangazaji. Kipande kwa kipande, kuanzia waya na sifongo hadi kispika na utepe wa kichwani, vipuri vyake vinauzwa peke yake.

Iafoni za kuingia ndani ya sikio zilifuata. Etymotic Research ya Illinois, Marekani, ilitoa ER-4 mwaka 1991 ikiwa na waya unaobadilishwa. Mwaka 2010 Shure, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1925, ilibadilisha familia yake ya SE na kuipa waya wa kuchomoka ulioimarishwa kwa nyuzi za aramidi aina ya Kevlar.

Kuna wakati mtu angeweza kusema hayo ni mambo ya wenye pesa. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Leo watengenezaji wa China, KZ miongoni mwao, wanauza iafoni zenye waya wa kuchomoka kwa bei ambayo mwanafunzi wa chuo anaweza kujinyima na kuifikia. Plagi zake ni pini mbili ndogo tu pembeni mwa kispika. Kwa hiyo mtengenezaji anayeuziba waya moja kwa moja kwenye kispika leo ameamua hivyo. Uamuzi huo unampunguzia gharama yeye na kumwongezea gharama mnunuzi.

Wapo wanaosema ugonjwa huu umekwisha kwa kuwa waya wenyewe umekwisha. Apple iliondoa tundu la iafoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na mwaka 2020 ikaacha kuweka iafoni kwenye boksi la simu zake. Kampuni nyingine zilifuata. Lakini iafoni zisizo na waya hubeba betri ndogo za lithiamu ambazo hupungua nguvu mwaka hadi mwaka, na nyingi zimefungwa kwa gundi kiasi kwamba betri haitoki bila kuvunja ganda. Umoja wa Ulaya umeliona hilo: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia tarehe 18 Februari 2027, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Waya umeondoka, kipande kinachotangulia kufa kimebaki.

Kwenye kaunta

Mnunuzi anayefika dukani na iafoni iliyozima sikio moja hupimwa kwa maswali matatu: iko wapi risiti, ulinunua lini, na nani kaigusa.

Risiti ndiyo inayowaangusha wengi. Tofauti na simu, iafoni nyingi hazina namba inayoweza kufuatiliwa kwenye mfumo. Bila karatasi hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa mali ilitoka duka hilo. Kaulimbiu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, ilitungwa kwa ajili ya kodi, lakini anayefaidika nayo kwenye kaunta ya waranti ni mnunuzi.

Swali la tarehe lina mtego wake. Simu ikiwa na waranti ya mwaka mmoja, vifaa vilivyokuja nayo kwenye boksi mara nyingi vina muda mfupi zaidi, na maelezo hayo hukaa kwenye kijikaratasi chenye maandishi madogo, kwa Kiingereza, ambacho hutupwa pamoja na boksi. Tena waranti nyingi za kampuni hufungwa na nchi au ukanda wa mauzo. Hedifoni zilizonunuliwa Dubai na kuletwa Dar es Salaam kwenye begi la mfanyabiashara zinaweza kuwa orijino kabisa, lakini wakala wa hapa akazikataa kwa sababu hakuziuza yeye wala kampuni haikuzileta kupitia kwake.

Swali la tatu ndilo lenye ubishi. Karibu waranti zote za vifaa vya aina hii huondoa uharibifu uliosababishwa na mtumiaji pamoja na uchakavu wa kawaida. Hapo ndipo muuzaji anaposema waya umevutwa. Lakini waya wenyewe una ushahidi wake. Uliobanwa na mlango, kung'atwa na panya au kukatwa na kitu chenye ncha huacha alama kwenye ganda. Uliochoka kwa mikunjo hukatika ndani huku ganda likiwa zima, tena pembeni kabisa mwa pini au kispika. Iafoni iliyotumika miezi miwili ikakatikia ukingoni mwa kishingo, bila mchubuko wowote juu yake, imeshindwa kazi iliyotengenezewa. Kuingia mfukoni na kutoka ndiyo kazi ya iafoni.

Ziko kampuni zilizolichukulia jambo hili kwa uzito. Koss ya Milwaukee, iliyotoa hedifoni zake za kwanza za stirio mwaka 1958, inajulikana Marekani kwa waranti ya maisha yenye masharti: mteja hutuma kifaa kilichokufa kwa gharama yake, kampuni inakitengeneza au kukibadilisha. Hedifoni zake za Porta Pro, zilizotoka mwaka 1984, bado zinatengenezwa na hazikuwahi kuwa za bei ya kutisha. Ahadi ya namna hiyo inawezekana bila kuifilisi kampuni.

Sheria ziko upande gani

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno hayo yamebandikwa ukutani kwenye maduka mengi, na mengine yamechapwa chini ya risiti. Wanunuzi wengi huyasoma kama hukumu.

Nchini Kenya hayana nguvu hiyo mali inapokuwa mbovu. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia pale kasoro inapomletea hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hakuitamka, na inabatilisha kipengele chochote cha mkataba kinachojaribu kuifuta. Kwa kifaa cha bei kubwa ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na inayotakiwa kuyaamua ndani ya siku 60.

Tanzania nayo haijamwacha mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka sharti la ubora pale mtu anaponunua kwa mfanyabiashara anayeshughulika na bidhaa za aina hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Iafoni feki yenye nembo ya kampuni kubwa si suala la waranti hata kidogo, maana hakuna kampuni nyuma yake. Hilo ni suala la FCC, na kwa Kenya ni la Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi.

Tofauti kubwa na Ulaya iko kwenye swali la nani athibitishe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa muda wa miaka miwili, na ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Uingereza inampa mnunuzi siku 30 za kukataa mali mbovu na kurudishiwa pesa zote. Mswahili anayeishi Hamburg au London, iafoni yake ikizima sikio moja mwezi wa nne tangu ainunue, haulizwi kama aliuvuta waya. Muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba ulivutwa.

Kanuni hiyo moja ingebadilisha mazungumzo yote kwenye kaunta zetu.

Meza ya fundi

Waranti ikikataa, njia inayobaki ni ya fundi simu. Kazi yake haina muujiza wowote, ina subira tu. Anaukata waya sentimita chache juu ya pini ili aondoe sehemu yote iliyochoka. Anakivisha kifuniko cha pini mpya kwanza, kwa sababu akikisahau atalazimika kubandua kila kitu na kuanza upya. Anachuna ganda, anatenganisha nyuzi kwa rangi, kisha anaziunguza ncha kwa kiberiti cha gesi au kwa lehemu ya moto mpaka vanishi iondoke na shaba ing'ae. Hatua hiyo ndiyo inayowashinda wanaojaribu nyumbani. Vanishi isipotoka, lehemu inashika kwa macho lakini umeme haupiti.

Baada ya hapo kuna mpangilio. Kwenye simu nyingi za sasa, kuanzia nchani mwa pini, ni kushoto, kulia, graundi, maikrofoni. Baadhi ya simu za zamani ziliweka maikrofoni kabla ya graundi. Fundi akizibadilisha hizo mbili, mwenye simu anaondoka na ile ile hitilafu ya mwimbaji aliyetoweka.

Ukarabati huo ni nafuu na unaokoa kispika kizima kisiende jalalani. Lina umuhimu wake hilo: ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Lakini mara tu kisu cha fundi kinapogusa waya, waranti imekwisha. Anayekusudia kudai dukani asipitie kwa fundi kwanza, wala asizungushie selotepu, maana duka litasema kifaa kimefunguliwa.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aulize mambo manne na asubiri majibu. Je, waya unachomoka, na wa akiba unauzwa wapi? Waranti ni ya miezi mingapi kwa iafoni yenyewe, si kwa simu? Anayebadilisha ni duka hili au wakala mwingine? Je, muda na masharti hayo yataandikwa kwenye risiti? Kisha apime kishingo cha raba kwa vidole. Kikiwa kigumu kama pini yenyewe, aombe nyingine. Ajaribu masikio yote mawili kwa wimbo wenye mwimbaji anayesikika katikati, huku akiutikisa waya pale pale kwenye pini.

Akifika nyumbani aipige picha risiti, kwa kuwa wino wa risiti za mashine hufifia upesi. Pini ichomolewe kwa kushikwa yenyewe, isivutwe kwa waya. Waya ukunjwe kwa mizunguko mipana, usizungushwe kwenye simu kwa kukazwa.

Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya tayari yanakagua vifaa vya umeme vinavyoingizwa nchini. Waya wa iafoni unastahili kupimwa kwa mikunjo kabla ya kuingia sokoni, na boksi lake liandikwe waranti kwa Kiswahili kinachosomeka. FCC na mamlaka mwenzake ya ushindani nchini Kenya hazihitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza kuwauliza waingizaji maswali. Zinahitaji malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe, risiti na picha ya waya uliokatika. Mwenye iafoni iliyozima ndani ya muda wa waranti aipeleke dukani wiki hii, na akikataliwa adai sababu kwa maandishi, kisha aipeleke karatasi hiyo kwenye ofisi ya mamlaka inayohusika.